Siku moja kwenye benchi la bakteria, Malindi

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kugusa sampuli yoyote, tunasoma kipimajoto cha inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria. Si kile cha mlangoni, bali kile kilichozamishwa kwenye kichupa cha maji, rafu ya kati. Tunataka nyuzi 35. Ikiteremka hadi 33 hatuna ugomvi nayo. Ikipita 35 ndipo shida inapoanza, kwa sababu stafi (bakteria wa jamii ya Staphylococcus) aliye sugu huweza kuficha usugu wake kwenye joto la juu, na sahani anamooteshwa ikasema dawa inafaa wakati haifai. Malindi, miezi ya kaskazi, hili hutokea kweli. Inkubeta ya kawaida ina hita, haina kipoza. Chumba chenyewe kikifika nyuzi 32, joto la ndani halina pa kutokea. Kiyoyozi cha chumba hiki ni kifaa cha maabara, na anayekiita starehe hajawahi kutoa jibu la uongo akalijua baadaye.

Saa 2. Sampuli zinafika kutoka wodini, na nyingine zinarudi huko huko. Swabu iliyopakwa usaha wa juu haina maana: usaha ule umejaa bakteria wa ngozi na seli zilizokufa. Kidonda kioshwe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha swabu ikandamizwe kwenye nyama hai, ikizungushwa juu ya eneo la sentimita 1 ya mraba, mpaka majimaji ya ndani yatoke. Kipande cha nyama ni bora zaidi. Damu ya mtu mzima iwe mililita 8 hadi 10 kwa chupa, kutoka sehemu mbili za mwili, na dawa ya ngozi iachwe ikauke sekunde 30 kabla ya sindano. Asiyesubiri hutuletea stafi wa ngozi, kisha mgonjwa anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Saa 3. Sahani za jana zimetimiza saa 17. Sefoksitini, antibiotiki tunayopimia, hutaka saa 16 hadi 18. Tunaanza na bakteria wa udhibiti, ATCC 25923, stafi ambaye jibu lake linajulikana: duara tupu asimoota, kuizunguka diski ya dawa, liwe kati ya milimita 23 na 29. Likitoka nje ya hapo, hakuna jibu la mgonjwa linaloondoka siku hiyo.

Kisha ya mgonjwa. Sahani inageuzwa kifudifudi juu ya kitambaa cheusi, taa ikiwa upande wetu, rula mgongoni mwa sahani. Ukingo wa duara unaonekana kama utando wa maziwa uliokatika ghafla. Milimita 17. Kuanzia 22 kwenda juu dawa inafanya kazi. 21 kushuka chini ni MRSA, stafi anayeishinda antibiotiki ya methisilini. Methisilini yenyewe ilianza kutumika 1959, na kufikia 1961 Uingereza ilikwisharipoti stafi wanaoishinda. Siku hizi haitumiki, jina ndilo lililobaki. Tunapima kwa sefoksitini kwa kuwa ndiyo inayofichua vizuri jeni ya mecA, inayompa bakteria protini ambayo dawa za jamii ya penisilini haziwezi kuishika.

Simu inapigwa hapo hapo, karatasi itafuata.

"Sista, habari za kazi? Yule wa kitanda cha dirishani, usaha wake ni MRSA."

"Nzuri. Yuko kwenye seftriaksoni, leo siku ya tatu."

"Haitamsaidia. Mwambie daktari sasa hivi, na ahamishwe chumba cha peke yake."

Chumba kikikosekana, kitanda cha mwisho, na kipimapresha chake mwenyewe kisichozunguka wodi nzima. Mikono isuguliwe kwa spiriti ya mikono sekunde 20 hadi 30, kabla ya kumgusa na baada. Takriban mtu 1 kati ya 3 hubeba stafi wa kawaida puani bila kuumwa; kutoka kitanda hadi kitanda MRSA husafirishwa hasa na mikono yetu. Vankomaisini, dawa ya kutibu MRSA, ikiandikwa, gramu 1 iingie kwa dripu kwa muda usiopungua saa nzima. Ikikimbizwa, mgonjwa huwashwa na kuchomeka usoni na shingoni, na presha yaweza kushuka.

Saa 4:30. Makoloni mapya. Tone la peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3: yakitoa povu, huenda ni jamii ya stafi. Kisha yanatiwa kwenye mrija wa plazma ya sungura kuona kama itaganda, nyuzi 35, saa 4. Tunausoma saa 8:30, hatuuachi ndani hadi kesho, kwani baadhi ya stafi hutengeneza kimeng'enya kinachoyeyusha bonge lile lile walilolifanya, na asubuhi utaandika hasi.

Diski zinatolewa kwenye friji saa 7, zikiwa zimefungwa. Ukifungua zingali baridi, unyevu wa pwani hutua juu yake kama umande na dawa huharibika.

Saa 9. Makoloni yanavurugwa kwenye maji ya chumvi hadi ukungu ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, na yatumike ndani ya dakika 15. Agari, jeli ya kuoteshea bakteria sahanini, iwe na kina cha milimita 4. Ikiwa nyembamba duara hupanuka, na sugu akaonekana dhaifu. Diski ikishagusa agari haisogezwi, hata ikikaa upande. Dawa imeshaanza kusambaa. Diski za antibiotiki mbili, erithromaisini na klindamaisini, tunaziweka jirani, milimita 15 hadi 26. Duara la klindamaisini likibapa upande wa erithromaisini kama herufi D, tunaandika kwamba dawa hiyo haifai.

Saa 10 jioni. Sahani zinaingia zikiwa zimegeuzwa, zisizidi 5 kwa mrundo mmoja, saa imeandikwa kwenye plasta. Kwenye daftari la zamu ya usiku tunaacha mstari mmoja: stima ikikatika, andika saa ilipokatika, saa iliporudi, na joto ulilolikuta ndani.