Sensei akiwa Kibuye

Ukimtafuta sensei wetu, yaani mwalimu wetu wa karate, mchana, usiende ukumbini. Nenda soko la Kibuye, Kisumu, upande wa mafundi wa mbao, uulize Baba Akinyi. Utamkuta na vumbi la msumeno hadi kwenye nyusi, akibishana na mteja anayetaka kitanda cha mahogani kwa bei ya saiprasi.

Wanafunzi wapya hudhani karate ndiyo inayomlisha. Wapi! Karo ya watoto hutoka kwenye randa. Ada tunayolipa, sisi tunaolipa, haitoshi hata kodi ya ukumbi. Magoti nayo yamechoka, kwa hiyo mateke ya juu humwachia bintiye ayaonyeshe, yeye akirekebisha nyonga zetu kwa fimbo. Jumapili yuko kwaya, sauti ya nne, na huko mkanda mweusi hausaidii kitu: akichelewa kuingia, mwalimu wa kwaya humkaripia mbele ya akina mama wote.

Nikimwonea huruma, hunitajia Gichin Funakoshi, mwasisi wa karate ya kisasa. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Okinawa, akaenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate akiwa amepita miaka 50. Alibaki huko, akaishi katika bweni la wanafunzi, akifagia na kulinda lango ili apate riziki.

Mimi hadithi hiyo hainifariji. Ningependelea wazazi walipe ada kwa wakati. Lakini msimhurumie kupita kiasi: kiti ninachokalia nikiandika haya alikiunda yeye, na hakunipunguzia hata shilingi.