Kocha aliyetoka jela apewe filimbi, funguo zigawanywe

Mtu kafungwa, kamaliza kifungo, karudi mtaani kwao Muyeye hapa Malindi, na anaujua mpira kuliko kamati nzima. Apewe timu au asipewe? Barazani watu hugawanyika papo hapo. Huyu atasema kifungo ndicho kilichokuwa adhabu, na deni lililolipwa halidaiwi tena. Yule atamjibu kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Hapo mjadala huwa umeshageuka kuwa wa moyo wa mtu, na moyo wa mtu kamati haina mizani ya kuupimia. Yako mawili tu inayoweza kuyapima: alifungwa kwa kosa gani, na kocha wa timu hiyo hushika nini mkononi.

La pili ndilo husahaulika. Kwa timu nyingi za mitaa hapa Malindi, kocha ndiye anayepokea michango ya nauli kwenye simu yake. Mipira na jezi zinalala kwake. Ndiye anayezungumza na refa kabla ya mechi, ndiye anayewapeleka watoto makwao magharibi ikiadhiniwa, na muda ukibaki ndipo anapofundisha. Funguo tano kwenye kidole kimoja. Hata mtu ambaye hajawahi kuvuka lango la korti hafai kuachiwa zote.

Ndiyo maana ile mifano ya wachezaji wa ligi za Uingereza waliofungwa kisha wakawa makocha, inayopenda kutajwa kwenye mabishano haya inahitaji kuangaliwa vizuri. Tony Adams alifungwa Desemba 1990 kwa kuendesha gari akiwa mlevi. Akatoka, akarudi kuwa nahodha wa Arsenal, na mwaka 2008 akapewa Portsmouth aiongoze. Jan Mølby alifungwa mwaka 1988 kwa uendeshaji wa hatari, na mwaka 2000 ndiye aliyekuwa meneja Kidderminster Harriers ilipopanda kuingia Football League. Duncan Ferguson alikaa ndani mwaka 1995 kwa kumpiga mpinzani kichwa uwanjani, na mwaka 2019 akashikilia Everton kwa muda. Joey Barton alifungwa mwaka 2008 kwa kupiga mtu, kisha mwaka 2018 Fleetwood Town ikamkabidhi timu. Watu husoma orodha hiyo wakaona huruma. Mimi naona mhasibu, mtunza vifaa, daktari na dereva. Meneja wa klabu kama hizo hagusi pesa ya nauli wala hakai peke yake na mtoto wa miaka 12 kwenye matatu. Klabu iliweza kumjaribu kwa sababu hata akianguka, anaanguka na funguo moja tu. Tena wote hao walikuwa na jina. Kijana aliyetoka gereza la Malindi hana jina linalomtangulia isipokuwa lile la kosa.

Basi tuanze na kosa, na hapa sitagawa huruma sawa kwa wote.

Kesi ya pesa, yaani wizi, ulaghai au kughushi, ndiyo nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu dawa yake inajulikana. Pesa zisipite kwake. Timu ifungue akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila mara pesa zinapotolewa, na kocha asiwe mmoja wao. Nauli ya watu 20 kwenda Kilifi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye matatu na mweka hazina. Ligi za chini mara nyingi timu mwenyeji ndiyo hulipa marefa. Pesa hizo katibu azikabidhi mbele ya nahodha wa timu zote mbili, kisha refa aandike jina na kiasi. Kocha asiyeshika pesa hawezi kuiba, na lenye uzito zaidi ni kwamba hawezi kusingiziwa.

Kesi ya kupigana inataka swali moja: alimpiga nani, na kwa nini? Ugomvi wa ulevi wa mara moja mtu akiwa na miaka 21 si sawa na mtu aliyekuwa akimpiga mkewe miaka mitatu. Huyo wa pili ana mazoea ya kumpiga aliye chini yake, na mchezaji wa akiba yuko chini ya kocha. Kwa vyovyote, timu iandike kwamba hakuna kofi wala kiboko mazoezini. Makocha wengi wa Pwani ambao hawajawahi kufungwa wangeshindwa kwenye sharti hilo, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kosa la kuuza mechi, yaani kupanga matokeo, naliweka juu ya wizi wa mabavu kwa ubaya. Najua wengi hawatakubali. Lakini jambazi aliyeacha ujambazi, kazi ya ukocha haimrudishii silaha, ilhali aliyepanga matokeo unamrudisha palepale penye mlango alioufungua: uteuzi wa kikosi, dakika za kubadilisha wachezaji, namba ya simu ya refa. Tena kosa hili aghalabu halifiki kortini. Linaadhibiwa na mashirikisho, kama FIFA ilivyomfungia mchezaji mmoja wa zamani wa timu ya taifa, Harambee Stars, miaka 10 mwaka 2019. Karatasi ya polisi itatoka safi. Uliza shirikisho, si polisi peke yao.

Na kesi ya mtoto. Graham Rix, kocha katika klabu ya Chelsea, alifungwa mwaka 1999 kwa kosa la kingono dhidi ya msichana wa miaka 15. Alihukumiwa miezi 12, akatumikia 6, na Chelsea ikamrudisha kazini mwaka huohuo, kisha mwaka 2001 Portsmouth ikampa umeneja. Kwa timu ya watu wazima wenye mikataba, mtu anaweza kubishana. Kwa timu zetu hakuna la kubishana, maana timu yetu ya wakubwa na ya wadogo hutumia uwanja mmoja, saa moja, na mara nyingi kocha mmoja. Mji wetu unajua vizuri watoto wake wanavyowindwa. Aliyefungwa kwa unajisi asipewe timu yoyote yenye mtu chini ya miaka 18, asiwe hata mtunza vifaa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 yenyewe inasema aliyetangazwa na korti kuwa mkosaji hatari wa kingono, akificha hukumu hiyo anapoomba kazi ya kusimamia watoto, anatenda kosa jingine.

Sasa karatasi. Mwenyekiti na katibu wakae naye faraghani kwanza, wawili tu, kikao kisiwe cha watu 15. Waulize kosa, korti, muda aliohukumiwa, tarehe ya kutoka, na kama kuna afisa wa probesheni anayemsimamia. Akisema alihukumiwa miaka 6 akatoka baada ya 4, msianze kunong'ona kwamba alihonga. Sheria ya Magereza inampunguzia theluthi moja ya kifungo mfungwa mwenye kazi na nidhamu, ukiondoa makosa fulani. Kisha aombe cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: analipa, anachapisha fomu, anachukuliwa alama za vidole vyote kumi, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, inatafuta kwenye kumbukumbu zake. Linganisheni cheti na alichowaambia. Kisipolingana, mjadala umeisha hapo, hata kama kosa lilikuwa dogo. Tunakagua kama anasema kweli.

Lakini cheti kisiwalevye. Kinaonyesha waliotiwa hatiani. Hakionyeshi kesi iliyomalizwa nyumbani, wazee wakaketi, mbuzi akachinjwa, baba wa mtoto akapewa kitu na mashahidi wakapotea. Pwani yetu ina maslaha ya namna hiyo mengi kuliko hukumu. Kwa hiyo mara nyingine ambaye mna habari zake kamili ni huyo aliyefungwa, na msiyemjua ni yule mwenye cheti cheupe mliyempokea bila swali. Ulizeni waliocheza chini ya kila kocha, si waliofungwa tu.

Cheti kikipatikana, kikae kwenye faili la katibu. Picha yake isitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha timu, wala cha wazazi. Wazazi waambiwe kwa mdomo, kwenye mkutano, kocha akiwepo: alifungwa, kwa kosa la aina hii, alitoka mwaka fulani, na haya ndiyo masharti tuliyomwekea. Wachezaji awaambie mwenyewe kwa dakika mbili kabla ya mazoezi ya kwanza. Timu inayoficha huwa inaficha mpaka siku ya mechi ngumu, pale mashabiki wa upande wa pili watakapoanza kuimba "jela! jela!" kando ya uwanja wa Alaskan. Mzazi aliyeambiwa mapema atakaa. Mzazi anayejulia pale atamtoa mwanawe kikosini jioni hiyohiyo, na hatakuwa amekosea.

Mkataba uwe wa miezi 6, ukurasa mmoja, na posho iandikwe kiasi na siku ya kulipwa. Hapa ndipo kamati hujikwaa zenyewe. Zinamchukua mtu aliyetoka jela kwa sababu ni rahisi, zinamlipa mwezi wa kwanza, zinamwambia subira mwezi wa pili na wa tatu, halafu zinashangaa akianza kukopa kwa wachezaji. Kama posho haiko, semeni ni kazi ya kujitolea, na mazoezi yapangwe kuanzia saa kumi na nusu ili apate mchana wa kutafuta riziki. Pia angalieni kama ana kitambulisho. Wengi hutoka bila nacho, na bila hicho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, na hawezi kujiandikisha kwa kozi ya CAF D ya shirikisho la soka la Afrika, ambayo ndiyo mlango wa kwanza wa leseni za ukocha. Kumsaidia kukipata ni kazi ya wiki ya kwanza.

Vifaa viwe na daftari. Mipira 12, koni 30, fulana za mazoezi 20: mtunza vifaa anatoa, kocha anahesabu, wote wawili wanatia saini wakati wa kutoa na wa kurudisha. Mpira wa kwanza ukipotea, na utapotea, kidole kitamwelekea yeye kabla mtu hajaangalia nyuma ya ukuta wa jirani. Daftari ndilo litakalomsemea. Mchezaji aliyeachwa nje naye atamtupia neno, "wewe mwizi." Kamati iamue mapema adhabu ya neno hilo, sawa na ya tusi lolote kwa kocha, na isimwachie kocha aitoe mwenyewe.

Waliofungwa kwa sababu ya unga, yaani dawa za kulevya, wana hesabu yao. Anayetumia methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kutoka kliniki ya hospitali ya Malindi hunywa dozi kila siku mbele ya muuguzi. Hiyo ni ishara nzuri kwamba anatibiwa, lakini ratiba ya timu lazima iijue. Mkienda Lamu mmeshaingia barabara ya zaidi ya kilomita 200, vizuizi vya polisi vinavyotaka kitambulisho, kisha boti kutoka Mokowe, na hamtarudi siku hiyo. Azungumze na kliniki wiki moja kabla kuhusu dozi ya siku atakazokuwa nje, na aliye chini ya probesheni apate ruhusa ya afisa wake kabla ya kukata tiketi. Kama haikuwezekana, kocha msaidizi aongoze mechi hiyo, naye kocha mkuu abaki Malindi na timu ya wadogo, pamoja na mtu mzima wa pili, kama siku nyingine zote.