Kitambaa cha thina ndicho kilichonitoa woga wa brashi ya hewa

"Jiamini tu, mkono utatulia." Tangu nianze kuchora kwa brashi ya hewa, kile kifaa kama kalamu kinachonyunyiza rangi kwa hewa, nimeambiwa hivyo na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha cha kushika ili hiyo imani ije. Mwingine akanishauri nipige chupa moja kwanza. Ushauri huo tuuache hapo hapo.

Kazi ilikuwa uso wa mtu kwenye ubavu wa nganya, matatu iliyopambwa, hapa Nairobi, juu ya rangi nyeusi. Kwa anayeanza, nyeusi ni ukatili. Unajenga uso kwa nyeupe, na nyeupe ndiyo rangi nzito kuliko zote kwenye kikombe cha brashi: chembe zake ni nene, hukauka upesi kwenye ncha ya sindano iliyo ndani ya brashi, na kila unyunyu unaopotea huonekana kama vumbi la chaki.

Nilianza na jicho, kwa sababu niliambiwa jicho likikubali uso wote umekubali. Nozo, yaani tundu la kutolea rangi, ya milimita 0.3, presha ya hewa 15 PSI (pauni kwa inchi ya mraba), nyeupe niliyoichanganya na thina nusu kwa nusu. Nikavuta kitufe (ukikibonyeza hutoa hewa, ukikivuta nyuma hutoa rangi), hakuna kitu. Nikavuta zaidi, hakuna kitu. Woga ukaniambia vuta tena, nikavuta mpaka mwisho, na hapo ndipo ile rangi iliyokuwa imeganda kwenye ncha ikaachia yote kwa mpigo. Tone la ukubwa wa punje ya dengu, na kutoka kwenye tone miguu ya buibui ikakimbia pande zote. Nikachovya kitambaa kwenye thina nikafuta haraka. Tone likatoka. Nyeusi nayo ikatoka. Filla ya kijivu, ile ya kusawazishia bati, ikanichungulia kutoka pale palipotakiwa kuwa na mboni.

Kosa halikuwa la mkono. Ile nyeusi ilikuwa rangi ya msingi tupu, bila vanishi juu yake, na rangi ya aina hiyo haigandi kabisa: hukauka tu, ukiipa thina inayeyuka tena. Mtu anayechora juu yake anachora mahali ambapo kila kosa ni la kudumu. Mkono utaachaje kutetemeka?

Kwa hiyo safari ya pili nilipiga nyeusi upya, kisha makoti mawili ya vanishi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, nikaiacha ilale usiku kucha. Asubuhi msasa wa maji namba 800 mpaka mng'ao wote ukafa, nikiwa mpole kwenye kona na mikunjo ya bati, maana huko vanishi huwa nyembamba na msasa hutoboa upesi. Vanishi ya 2K ikishashikana, thina ya kupitisha mara moja haiigusi. Rangi mbichi unayoiweka juu yake inafutika kama chaki ubaoni. Kitambaa kikamuliwe kiwe na unyevu tu, pitisha mara moja kutoka ukingo wa kosa kwenda katikati, geuza upande msafi, pitisha tena. Usisugue, wala usikiache kimelala hapo. Ukimaliza sehemu unayoipenda, ifunge kwa koti jepesi la vanishi, isugue, endelea. Kuanzia hapo kosa haliwezi kula kazi ya jana.

Gharama? Vanishi na hadina ni pesa kidogo ukilinganisha na kurudia ubavu mzima, na maduka ya Kirinyaga Road watakupimia hata kiasi kidogo. Ila usiinyunyize ukiwa na kile kibarakoa cha vumbi. Hadina ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaharibu mapafu kimya kimya. Tafuta angalau barakoa ya makopo ya kaboni, ya mvuke, na ufungue milango. Hata thina peke yake ukiivuta saa mbili mfululizo inaleta kizunguzungu, na wengi hukiita woga.

Dawa ya pili ni karatasi. Mimi hubandika ya kaki kando ya mchoro kwa tepu, na sianzi kabla ya kupiga nukta ishirini kwa mstari. Nukta zikitoka saizi moja, rangi iko sawa na mkono uko sawa. Zikiwa moja kubwa moja ndogo, usijilaumu kwanza, angalia kikombe. Chengachenga kama mchanga maana yake rangi ni nzito au presha ni ndogo. Miguu ya buibui maana yake rangi ni nyepesi mno, au umesogea karibu huku kitufe kimevutwa sana. Mapovu kikombeni: nozo imelegea au imeziba, hewa inarudi nyuma. Mstari ukipinda upande mmoja, ncha ya sindano imejikunja. Izungushe taratibu imelala juu ya msasa wa 2000 mpaka inyooke. Nyeupe sasa naichanganya sehemu moja ya rangi kwa mbili za thina, na kila dakika chache naifuta ncha kwa kibrashi chenye thina, kisha nanyunyiza kidogo kwenye ile kaki kabla ya kurudi usoni.

Presha isome hewa ikiwa inatoka. Geji ikionyesha 25 ukiwa umeachia kitufe, ukibonyeza inashuka, na hapo ndipo utajua unachofanyia kazi kweli. Kompresa, ile mashine ya hewa, ifungulie chini maji yatoke kila asubuhi. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimetamba, bila kichujio cha maji utatemewa matone na utadhani ni mkosi.

Hewa inatangulia rangi, na rangi inafungwa kabla ya hewa. Mkono uanze kutembea ndipo uvute. Haya kila fundi anayajua, sirefushi.

Kutetemeka kwenyewe kuna sababu ambayo watu hawaisemi: mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye kompresa. Uzito wake unaning'inia kwenye kifundo cha mkono siku nzima. Upitishe begani, au uzungushe mara moja kwenye kigasha, utashangaa. Kisha chukua fimbo ya ufagio, funga kitambaa kwenye ncha yake, iegemeze kwenye bati na uweke mkono juu yake. Mstari mrefu utoke begani, usitoke kwenye kiganja.

Jicho? Siku hizi siligusi mpaka uso umefika theluthi mbili. Naanza na nywele au kivuli cha shavu, nikiwa umbali wa kiganja kizima, maana kutoka huko kila kitu hutoka kama moshi, na moshi hauna kosa. Mpito wa kwanza usionekane vizuri. Ukionekana mara moja, rangi ni kali mno, ongeza thina. Natia mipito minane, kumi, ndipo shavu linakuja.

Kuna kipindi kila uso hufanana na mzimu, na hapo ndipo makanga hupita akauliza, "Fundi, huyu ni nani sasa?" Usimjibu, na usirekebishe kitu. Piga picha kwa simu, igeuze nyeusi na nyeupe, ipindue juu chini pamoja na picha unayoiiga, uzilinganishe. Pua iliyokaa vibaya itajionyesha yenyewe, na utaifuta pua peke yake, si kazi nzima.

Tone moja lilinitoroka hata hivyo. Lilianguka kwenye ndewe ya sikio jioni, taa ikiwa hafifu, sikuliona mpaka asubuhi likiwa limekauka kabisa. Kulifuta kungehitaji kulilowesha, na shavu la jirani, ambalo sikuwa nimelifunga kwa vanishi, lingeondoka nalo. Nikaliwekea kivuli chini na nukta ya mng'ao juu, likawa herini. Mwenye gari alipokuja alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaniuliza nimejuaje kwamba huyo jamaa huvaa herini sikio moja tu. Nikamwambia ni utafiti.