Tone la nta

Jumatano ile ya uchaguzi wa 2025, mtandao ulipokatika na saa 12 jioni ikaja amri ya kutotoka nje, binti yangu aligeuka mpekuzi. Simu ilikuwa imebaki tochi tu. Vurugu za nje mnazijua, na zipo nyumba zilizofiwa ambazo siwezi kuzisemea. Ndani kwetu tulikuwa wawili, madirisha tumefunga, joto la Oktoba halina huruma, na yeye ameshusha lile sanduku la bati kutoka juu ya kabati. Vyeti vya kuzaliwa, risiti za kiwanja, picha za Bibi. Katikati ya risiti akachomoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Mama, shahada ya mpiga kura ndiyo nini?"

Nikamwambia ndiyo kadi yetu ya zamani. Ya 1995. "Mlipiga tarehe ngapi?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Tarehe 29 Oktoba. Ilikuwa Jumapili, lakini tarehe ndiyo hiyo hiyo. Siku nzima nilikuwa nayo mbele ya macho na sikuiona.

Basi nikamsimulia, kwa sababu hatukuwa na pa kwenda.

Nilikuwa na miaka 22, nakaa na Bibi Tandika. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa 1992, na sasa ndiyo tunakwenda kuvipigia kura ya rais na wabunge. Mimi nilikuwa wa Mrema, mgombea urais wa NCCR, sifichi. Nimesukuma gari lake kwa mikono hii, gari zima, lina mafuta na dereva, tunalisukuma kwa mapenzi tu, jua la saa nane. Alipokuwa waziri alikuwa akitoa siku saba jambo liwe limekwisha, na sisi tuliamini nchi nayo itamaliza mambo yake kwa siku saba. Bibi yeye hakusema ni wa nani. Mwalimu Nyerere alikuwa akizunguka kumnadi Mkapa wa CCM, na redio ikimtoa Mwalimu, Bibi alikuwa anaongeza sauti. Nikajua, nikanyamaza. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Saa 12 asubuhi tulishafika shuleni. Zanzibar walikuwa wamepiga wiki moja kabla, Salmin wa CCM akatangazwa rais wao kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8, na ubishi wake ulikuwa umeshavuka bahari na boti, umeingia kwenye foleni yetu kabla hata ya jua kuchomoza. Saa moja ikapita. Saa mbili. Mlango wa darasa uko wazi, makarani wamekaa, mawakala wa vyama wamekaa, wanatutazama, tunawatazama. Vifaa havijafika.

Kufika saa nne jua lilikuwa halivumiliki. Hapo ndipo mama mmoja mbele yetu alipovua kandambili yake moja, akaiweka chini pale aliposimama, akaenda kukaa chini ya mwembe. Wa nyuma yake akaweka jiwe. Mwingine kofia, mwingine ndoo ya mihogo aliyokuja kuuza, mwingine kitambulisho cha kazi kimebanwa na kokoto. Ndani ya nusu saa foleni ilikuwa ya vitu, watu wote wako kivulini. Kandambili za bluu, kandambili za kijani, matofali, kitoto cha meza. Bibi aliweka bakora yake, akailaza kwa upana ili nafasi itutoshe wawili. Na hakuna aliyegusa cha mwenzake, wa CCM kwa wa NCCR, wa CUF kwa wa UDP. Mbuzi alipita akala kofia ya makuti ya mzee mmoja, na watu wakashuhudia kwa pamoja kwamba nafasi ya mzee ilikuwa pale, kati ya tofali na jiwe jeupe. Nikifikiria uchaguzi, kitu cha kwanza kunijia ni ile mistari ya ndala mavumbini. Sijui kwa nini siyo Mrema.

"Enzi za jembe na nyumba," Bibi akasema, "karatasi zilikuwa zinatungoja sisi." Maana zamani za chama kimoja, wagombea ubunge wawili, mmoja anapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba, na rais unamjibu ndiyo au hapana. Mzee wa kofia akamjibu kwamba karatasi ya mtu mmoja lazima iwahi, haina mzigo. Watu wakacheka mpaka karani akatoka kuangalia.

Masanduku yalikuja alasiri. Karatasi zilikuja jua linazama. Gari lilipokata kona, watu wote walikimbilia ndala zao, na ndiyo mara pekee siku ile niliyoona watu wakisukumana.

Darasa halikuwa na umeme. Tukachangishana sarafu, kijana akatumwa dukani kwa Mangi kununua mishumaa. Kituturi chenyewe, pale pa kupigia kura kwa siri, kilikuwa dawati limezungushiwa maboksi, na ndani yake mshumaa mmoja umesimamishwa kwenye kizibo cha soda. Bibi aliingia kwanza. Alikaa humo muda mrefu mno. Karani akakohoa. Nikasikia Bibi anaisogeza karatasi, anaisogeza tena. Alipotoka, kidole kina wino, alininong'oneza kitu ambacho nilidhani anatania.

"Alama nimeweka. Ila sijui nimemwekea nani."

Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na ule mshumaa ulikuwa unacheza.

Zamu yangu. Nikainama nione vizuri, nywele zikakaribia moto, nikashtuka, nikagonga dawati. Tone la nta likadondoka kwenye karatasi ya rais. Halikuangukia jina la mtu, liliangukia ukingoni, kubwa kama punje ya hindi, likaganda pale pale likiwa jeupe. Nikalikwangua kwa ukucha. Nusu likabanduka, nusu likaacha doa la mafuta linaloonyesha mwanga upande wa pili. Moyo ulikuwa unanidunda. Niombe karatasi nyingine? Nyuma yangu kulikuwa na watu waliosimama tangu alfajiri, na mshumaa umebaki kipande. Nikaweka vema yangu kwa Mrema, nikakunja, nikatumbukiza.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Nilikuwa nauliza watu kwa mafumbo: hivi karatasi ikiwa na doa inahesabika kuwa imeharibika? Fundi cherehani wa jirani akasema inategemea doa la nani. Kila nikikumbuka naliona lile tone, na naona mtu asiyenijua analiinua kwenye taa, anaitupa kura yangu pembeni.

Kisha redio ikatangaza kwamba kura za Dar es Salaam zimefutwa. Majimbo yote saba. Tutarudia tarehe 19 Novemba.

Nilicheka peke yangu jikoni. Siku zote zile naomboleza doa langu, kumbe wamekwenda na maji na wale wenye karatasi safi.

Wagombea wa upinzani wakasema hawarudii. Na mimi nikasusa, nikajiona mwanasiasa. Jumapili ya marudio niliamka nikaloweka nguo. Bibi akavaa khanga yake ya kutokea, akachukua bakora.

"Unakwenda kufanya nini, Bibi? Si wamegoma?"

"Wamegoma wao. Mimi sikuona nilichoandika mara ya kwanza. Nakwenda mchana."

Alirudi sijamaliza hata mashuka. Hakukuwa na foleni, alisema, na karatasi zilikuwa kibao. Mkapa akatangazwa kwa asilimia 61.8, Mrema 27.8, na tarehe 23 Novemba akaapishwa. Mwaka uliofuata Temeke yetu wakampeleka Mrema bungeni kwa uchaguzi mdogo, na hapo nilikwenda, nikalala mapema kabisa ili niwahi. Bibi hakuwahi kuniambia alimpigia nani mara ya pili. Wala mara ya kwanza, maana hata yeye hakujua.

Binti yangu alikuwa ameishika shahada juu ya tochi ya simu, anatafuta doa. Nikamwambia hiyo siyo karatasi yenyewe.

"Kwa hiyo Bibi kizaa bibi kura yake ilihesabiwa. Yako haikuhesabiwa."

"Ndiyo."

"Na ungerudi?"

Nikamwambia sijui. Kuna miaka nimejibu ndiyo, kuna miaka nimejibu hapana, na yote nilijibu kwa nguvu.

Akakaa kidogo. Nje kulikuwa kimya kile ambacho si cha Dar. Halafu akavitazama vidole vyangu, taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Na leo, Mama, ulikwenda?"

Nikaviingiza chini ya khanga, nikamwambia chai inapoa.