Kufunga shule kabla mvua haijanyesha: ninavyoamua

Kwa wenzetu wa Marekani na Kanada, theluji ikitabiriwa, tangazo la kufunga shule hutoka jioni yake au alfajiri mapema. Wana bahati moja: theluji ikianguka usiku, asubuhi kila mtu anaiona mlangoni kwake. Mvua ya Mombasa haina ustaarabu huo. Inaweza kuanza saa tatu asubuhi, watoto wote wakiwa wameshaketi darasani, na kufika saa sita njia za Kisauni na Bamburi zikawa hazipitiki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: ama nafunga jana yake, ama sifungi kabisa. Kufungua asubuhi kisha kuwarudisha watoto saa tano ndiko kubaya kuliko yote. Mama yuko kazini, nyumba ina kufuli, simu ya jirani haipatikani, na basi linaingia barabarani saa ile ile maji yanapopanda. Mvua ikitukuta shuleni, tunabaki na watoto ghorofani hadi njia zifunguke, hata kama ni magharibi.

Mimi nashika ratiba na usafiri katika shule ya binafsi ya msingi na sekondari ya chini. Katika shule ya umma mwalimu mkuu hafungi kwa hiari yake. Lazima apitie kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na bodi ijue. Sisi tuna nafasi zaidi, ila barua tunapeleka huko huko. Wizara ikitangaza, mjadala umekwisha, kama Mei 2024: muhula wa pili uliokuwa ufunguliwe Aprili 29 ukasogezwa hadi Mei 6, kisha ukaahirishwa tena wakati kimbunga Hidaya kikikaribia pwani ya Tanzania, na shule zikafunguliwa Mei 13. Lakini miaka mingi wizara haisemi kitu, na hapo kazi inabaki kwetu. Likizo ya Aprili nayo haitusaidii sana, kwa sababu mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa ni Mei, na Mei tuko darasani.

Naanza na utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Anga, kisha onyo maalumu likitoka. Katika onyo natazama mambo matatu: kiasi, muda na uwezekano. Onyo la zaidi ya milimita 20 kwa saa 24 peke yake halinifungishi shule. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo 20 ni ndoo ya lita ishirini kwa kila mita ya uwanja. Ikigawanyika mchana na usiku, mchanga wa pwani unainywa bila shida. Ikimwagika kwa saa moja juu ya ardhi iliyolowa tangu juzi, ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana nina kipimo changu cha mvua uani: mkebe wenye kuta zilizonyooka na rula, unaosomwa kila siku saa tatu asubuhi. Chupa ya soda hukosea kwa sababu kitako chake kimejikunja; ukiitumia, jaza kokoto na maji hadi pale ukuta unaponyooka, uanzie sifuri hapo. Siku mbili mfululizo za mvua nzuri, kisha onyo jipya, hapo naanza kupiga simu.

Jambo linalosahauliwa sana ni bahari. Mitaro yetu mingi huishia kwenye mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa au baharini moja kwa moja, na maji yakijaa, mtaro hauna pa kumwaga. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hapa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Sasa pima mwenyewe: watoto wanatoka saa tisa na nusu, maji yanajaa saa kumi, na mvua ikiwa imenyesha tangu adhuhuri, basi linakuta kalvati limefurika. Mvua ile ile wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, ingepita. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini linatoa saa kamili, lakini hata kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha: tarehe mosi hadi tatu na kumi na tano hadi kumi na saba ni za kuangaliwa.

Baada ya hapo naamua kwa njia, sio kwa mji mzima. Kila njia ya basi ina mahali pake pabaya, na hapo tumepaka mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo, sentimita 20 juu ya lami. Mstari ukizama, dereva hapiti, na hakuna wa kumbembeleza, hata mimi. Maji ya sentimita 30 huweza kuinua gari dogo, na ya 60 yanayokwenda kasi hubeba magari mengi. Zaidi ya hayo, maji ya matope hayaonyeshi kama kifuniko cha mtaro kimeng'oka. Njia mbili kati ya tatu zikiwa na shaka, nafunga. Walimu wanaovuka feri ya Likoni nawahesabu kando; wakikosekana wao tu, tunaunganisha madarasa.

Uamuzi hauwezi kupita saa nane mchana. Mpishi huloweka maharagwe jioni, na mkate wa kesho huagizwa kabla ya saa tisa. Muhimu zaidi, watoto bado wako mikononi mwetu: wanaondoka na vitabu na kazi ya kufanya. Wale ambao chakula cha shule ndicho mlo wao wa uhakika, tunayo orodha, na kila mmoja hubeba nusu kilo ya mchele na robo ya pojo. Mfuko unatolewa ofisini mmoja mmoja, sio mbele ya darasa.

Ujumbe unakwenda kwa SMS, kwa sababu si kila mzazi ana bando. Usizidi herufi 160, maana ukikatika vipande viwili, cha pili huweza kufika kwanza. Wetu huwa hivi: “MZAZI: Kesho Jumanne 20 Mei HAKUNA masomo, madarasa yote. Onyo la mvua kubwa. Basi halitatoka. Habari za Jumatano: ujumbe kesho saa kumi jioni.” Tarehe ni lazima, la sivyo ujumbe wa mwaka jana utazungushwa tena mitaani. Saa naiandika kwa maneno. Ukiandika 4:00, nusu ya wazazi wataisoma saa nne. Ustadhi wa madrasa ya jirani naye anapata ujumbe ule ule, kwa sababu haina maana tuwazuie watoto asubuhi kisha wavuke mtaro ule ule alasiri.

Masomo ya mtandaoni siyategemei. Februari 2024 jiji la New York liliwaambia wanafunzi wasomee nyumbani kwa ajili ya theluji, na wengi wakashindwa kuingia kwenye mfumo asubuhi hiyo. Kwetu, stima hukatika na mvua, na simu ya nyumba ni moja, tena iko na baba kazini. Karatasi inatosha.

Kabla ya kufunga geti, swichi kuu inazimwa na vitabu vya rafu ya chini vinapandishwa mezani. Siku ya kufungua, mtu hutangulia saa kumi na mbili kutazama vyoo na kisima. Maji ya mafuriko yakishaingia kisimani, hayanywewi wala hayapikiwi hadi afisa wa afya ya umma ayatibu na kuyapima. Siku hizo tunanunua ya bauza, yaani ya lori la maji.

Utabiri ukikosea na jua likawaka, wazazi watalalamika, na wana haki, kwa sababu siku moja ya kukaa na mtoto ni siku moja ya biashara. Nawaeleza kipimo kilisema nini na maji yalikuwa yajae saa ngapi, nao wengi huelewa. Kinachonisumbua ni watahiniwa. Mitihani ya kitaifa huangukia vuli, na ratiba yake haiko mikononi mwetu. Darasa hilo halifungiwi: wanaotoka mbali tunawatafutia pa kulala kwa jamaa walio karibu na shule, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa, na majina na namba zao hukusanywa wiki mbili kabla ya karatasi ya kwanza.