Rovu, Ushungi na Vidonge vya Wifi

Kwa miaka sita nililibeba rovu shingoni pasipo jirani kulijua, kwa kuwa mwanamke wa Mji wa Kale aliyezoea kufunga ushungi ana pa kufichia mengi. Kioo pekee ndicho kilichonisuta: kila nilipomeza funda la maji, uvimbe ulipanda na kushuka nalo. Baadaye daktari aliniambia kwamba huko kupanda na kushuka ndiko kunakoonyesha kuwa uvimbe ni wa tezi ya thairoidi, iliyoshikamana na bomba la pumzi.

Wifi yangu ndiye aliyetoa fatwa kwamba rovu ni upungufu wa iodini. Hakusema upuuzi mtupu, kwani upungufu huo ndio sababu kubwa ya rovu duniani, lakini mimi nimekulia samaki, na chumvi ya Kenya hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria tangu mwaka wa 1978. Hoja hizo nilikuwa nazo zote, na vidonge vyake vya mwani, wenye iodini tele, kutoka ng'ambo nikavimeza vilevile, viwili asubuhi na viwili jioni, kwa muda wa wiki nane hivi. Bei yake siikumbuki sawasawa, ila ilikula faida ya kofia mbili.

Kazi yangu ni kushona kofia za vito. Wiki ya sita uzi ulikataa kuingia tunduni mwa sindano. Sikuushuku mkono wangu hata kidogo. Nilinunua miwani, kisha nikabadilisha sindano, kisha nikagombana na muuza uzi kwamba ameniuzia uzi mbovu, na mwishowe nikawa namwita mjukuu anitungie. Moyo ulipoanza kudunda usiku kama ngoma ya chakacha, nilisema ni joto la kaskazi. Daktari hakuhitaji maneno mengi: aliniamuru ninyooshe vidole, akaweka juu yake karatasi moja, nayo ikapeperuka kama bendera ya jahazi.

Kipimo cha damu kilionyesha TSH, homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, iko karibu na sifuri, na homoni za tezi zenyewe zimepanda. Alinieleza kwamba vinundu vya rovu la siku nyingi huweza kuacha kutii amri ya ubongo, na vikilishwa iodini nyingi hutengeneza homoni bila kiasi. Niliomba tiba ya iodini ya mionzi, ambayo husinyaza tezi bila kisu, akanijibu kwamba tezi yangu imeshiba mwani, haitaifyonza, na zaidi ya hayo rovu lilikuwa linalibana bomba la pumzi hata nisiweze kulala chali. Nilichomwa sindano nyembamba kwenye uvimbe, na seli hazikuwa za saratani. Hata hivyo sikupasuliwa papo hapo, kwa sababu kumpasua mtu ambaye homoni zake zimefurika ni hatari kwa moyo wake; nilimeza kabimazoli, dawa ya kuzishusha homoni hizo, karibu miezi mitatu kwanza.

Kuhusu upasuaji sina la kusimulia, nililala na nikaamka. Sauti ilikwaruza wiki mbili, na siku ya pili midomo na ncha za vidole zilichonyota, kwani nyuma ya tezi kuna vijitezi vinne vinavyosimamia kalsiamu, navyo huduwaa vinapoguswaguswa. Ukisikia mchonyoto huo, mwite muuguzi usiku huohuo.

Tezi yote imeondolewa, kwa hiyo humeza levothairoksini, kidonge cha homoni badala ya ile ya tezi, kila siku, maisha yangu yote. Mwanzoni niliimeza kwa chai ya maziwa na mahamri, na kipimo kikaharibika, maana yataka tumbo tupu na maji matupu. Ramadhani ndiyo iliyonitia akili, na najisifu kwa hili: huamka kabla ya wote, humeza kidonge, halafu ndipo huwasha jiko la daku polepole, na hadi wali upate moto na watu waamke, saa nzima imepita. Kalsiamu huisubiri futari, kwa kuwa dawa hizo mbili hutakiwa kuachana saa nne. Daktari aliukubali mpango huo bila kuugusa.

Kovu limebaki mstari mwembamba. Wifi ameshaniletea mafuta ya kulipaka. Nimeyahifadhi kabatini, karibu na vidonge vya mwani vilivyosalia.