Gurudumu moja, tairi nene, na mteremko wa Wanale

Januari 2017, kiangazi kikiwa kimekaza Mbale, mashariki mwa Uganda, tuliunda baiskeli ya gurudumu moja yenye tairi nene, ile ya kuendeshea milimani. Rimu, habu (kitovu cha gurudumu), kranki (mikono inayoshika pedali), siti na tairi la inchi 26 kwa 4 vilitoka Nairobi kwa basi, vikavuka mpaka wa Malaba. Fremu iliachiwa mafundi wa mjini.

Kufunga spoki hakukutusumbua. Ni 36, kila moja ikikatiza nyingine tatu. Habu hii haina gia wala frihwili (kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia), kwa hiyo pande zote mbili zinalingana na spoki zote ni za urefu mmoja. Unakaza robo mzunguko kwa zamu, kulia na kushoto, mpaka rimu iache kuyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa fremu. Tairi lilipojazwa upepo lilikuwa na upana wa karibu milimita 95, na kimo cha inchi 29 hivi. Beringi za habu zimeachana kwa milimita 125, hivyo kila upande tulibakiwa na kama milimita 9 tu kati ya tairi na mguu wa fremu. Ungeweza kutaka habu pana zaidi, lakini kadiri pedali zinavyokaa mbali na tairi ndivyo gurudumu linavyoyumba kila unaposukuma. Juu ya tairi tuliacha milimita 25, maana udongo mwekundu wa Elgon ukilowa hunata na kujazana mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Nafasi ndogo hupendeza macho, ila kwa udongo huu haifai kabisa.

Bomba lilikuwa la kipenyo cha milimita 25, unene milimita 2. Lile jembamba la kutengenezea viti na vitanda hutoboka likichomewa, na lisipotoboka hupasuka baadaye kando ya kiungo. Mkereza alitengeneza nyumba za beringi zenye kipenyo cha ndani cha milimita 42, akazikata nusu kwa nusu ili zifungwe kwa bolti. Habu haikuguswa wakati wa kuchomea, kwa kuwa moto huunguza grisi. Mahali pake tulifunga chuma kilichokerezwa kwa vipimo vyake, kizuie miguu isivutwe ndani.

"Fundi, shikiza nukta nne kwanza, tupime, ndipo umalize."

"Sawa, ndugu yangu. Nachoma huku, inapoa, nahamia kule."

Nyumba za beringi hukazwa kwa kiasi tu. Ukiinua fremu na kulisukuma gurudumu, lizunguke lenyewe muda mrefu. Likisimama upesi, legeza. Na pedali yenye alama ya L iende kushoto, kwani uzi wake umegeuzwa. Gurudumu likifungwa kinyume, pedali hujifungua zenyewe njiani.

Tulipoifikisha Wanale, mlima ulio juu ya mji wa Mbale, upepo wa tairi ulikuwa psi 16 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Uzito wote uko juu ya tairi moja, kwa hiyo psi 8 zinazotosha baiskeli ya kawaida ya tairi nene hapa hazitoshi: rimu hugonga jiwe, na tairi huvuta kuelekea upande njia ilikoinamia. Ukifika psi 25 nalo hudunda kwenye kila mzizi. Siti huwekwa ili mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, na uzito ukae juu ya siti, si miguuni. Macho mbele, mita tano au sita.

Mteremkoni miguu ndiyo breki: unaizuia pedali inayopanda kwa nyuma. Nguvu hiyo ya kwenda na kurudi haipo kwenye baiskeli ya kawaida, na ndiyo hulegeza kranki. Kabla ya kufika mashamba ya kahawa, kranki ya kushoto ilianza kutoa mlio, tak, tak. Hapo unashuka mara moja. Kranki iliyolegea hula meno kumi ya ekseli, na yakiisha hayatengenezeki. Tulikaza bolti kwa spana ya mpini mrefu, tukaendesha kidogo, tukasimama kukaza tena kwa sababu kranki mpya hujipanga taratibu, kisha tukashuka mpaka chini bila mlio.